Ushauri: Kufunga bampa za zamani kwenye Volkswagen Beetle ya 1970

Mwenye mada (Tabora)
Ndugu wanajukwaa, nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1970 niliyorithi kwa marehemu baba. Bampa zake ni zile nene zenye kona, zilizoanza na matoleo ya 1968, na ya mbele imeliwa na kutu kwa ndani hata ukiigusa kwa kidole maganda yanadondoka. Kwa kuwa ni lazima niibadilishe, natamani kufunga zile za mviringo za hadi 1967, zenye vikingio viwili vilivyosimama, kwani machoni pangu ndizo zinazolipendeza gari hili. Fundi bodi wa hapa Isevya anataka kutoboa madigadi (mabati yanayofunika magurudumu) na kuchomelea breketi mpya, yaani vyuma vya kushikilia bampa. Nimruhusu?

Fundi wa Ujiji
Ndugu yangu, usimruhusu. Bampa za zamani hukaa chini zaidi, na breketi zake hupita kwenye matundu ya madigadi yaliyo mahali pengine kabisa. Badilisha madigadi yote manne pamoja na breketi zake. Yamefungwa kwa bolti, na spana namba 13 inayafungua. Kazi ipo kwenye kutu. Zipake bolti mafuta ya kulegeza tangu usiku, asubuhi uzifungue kidogo, uzirudishe, kisha uzifungue tena, kwa maana nati zake zimechomelewa ndani ya bodi na bolti ikikatikia humo utalazimika kuitoboa.

Mwanachama wa Kigoma Mjini
Naongezea jambo la taa. Madigadi ya mbele ya zamani ya Ulaya yana taa zilizolala, ilhali zako zimesimama wima. Ukitaka kubaki nazo, agiza madigadi ya mfano wa 1967 wa soko la Marekani, ambayo yana taa za wima na matundu ya bampa za zamani.

Mzee wa Kanyenye
Kijana wangu, umeitazama boneti? Bampa zilipopandishwa kwenye matoleo ya 1968, boneti ya mbele na mfuniko wa injini ulio nyuma vilifupishwa. Ukishusha bampa, bati lililo chini ya boneti litabaki wazi, na nyuma vivyo hivyo, na dawa yake ni kukata bodi. Gari la urithi lenye bodi nzima mimi nisingelikata. Ningetafuta bampa ya aina ileile.

Mwenye mada
Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Fundi nimemsimamisha. Madigadi nipo tayari kuyanunua, ila bodi haitakatwa. Mwenye gari lililofungwa bampa za zamani huku boneti ikiwa fupi, naomba aweke picha iliyopigwa kutoka mbele, nilione hilo pengo kabla sijaagiza.