Kwa nini nyimbo za soul na funk za Marekani hazichuji?

Baba Neema:
Wanajukwaa, habari za jioni. Nina swali ambalo limenikaa moyoni tangu likizo ya Desemba. Binti yangu ana miaka 16, na kwenye simu yake, katikati ya Bongo Fleva na amapiano, kuna nyimbo za soul, ule muziki wa Wamarekani weusi wenye mizizi kanisani, za Otis Redding, Aretha Franklin na Bill Withers, ambazo mimi nilizijua kwa santuri za marehemu baba yangu. Sikumfundisha wala kumshawishi. Siku moja alikuwa akiosha vyombo huku anasikiliza "Ain't No Sunshine", na ilipofika ile sehemu ambayo mwimbaji anarudia maneno yale yale bila kukoma, alifunga bomba la maji ili asikie vizuri, akasimama na sahani mkononi mpaka sehemu ile ilipokwisha. Wimbo ule ulitoka mwaka 1971, na nyimbo nyingi zilizovuma kwetu miaka mitano tu iliyopita hakuna anayezikumbuka. Naomba msinijibu kwamba ya kale ni dhahabu, maana yapo ya kale mengi yaliyotupwa na hayakuokotwa. Nionyesheni ni kitu gani hasa kilichomo ndani ya nyimbo hizi.

Mpiga Besi wa Nyali:
Baba Neema, nimepiga besi katika bendi za hoteli kwa miaka 22, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa ala, ambao ndio ninaoufahamu. Wimbo uliomfanya binti yako afunge bomba una dakika mbili na sekunde chache tu. Bill Withers alipourekodi alikuwa bado ameajiriwa katika kiwanda kilichotengeneza viti vya vyoo vya ndege, na ile sehemu anayorudia "I know" mara 26 ilikuwa pengo ambalo alikusudia kulijaza kwa maneno mengine baadaye. Wanamuziki waliokuwa naye studio ndio waliomwambia aiache kama ilivyo. Usikilize tena kwa makini: ala nyingi zinajiondoa, inabaki sauti ya mtu na dramu inayomfuata kwa chini. Kunyamaza kwa namna hiyo hakuwezekani kwa watu waliokutana juzi. Booker T. Jones aliyeusimamia wimbo huo, Donald Dunn aliyepiga besi na Al Jackson aliyekuwa kwenye dramu walikuwa wamepiga pamoja kwa miaka katika studio ya Stax mjini Memphis, ambayo ilikuwa jumba la sinema la zamani, na sakafu yake ilibaki na mteremko ule ule wa ukumbi wa sinema. Humo bendi ilipiga pamoja ndani ya chumba kimoja, kila mtu akimwona mwenzake. Ukikosea, unawaharibia wote, kwa hiyo unajifunza kusikiliza kabla hujapiga.

Kule Detroit nako, katika kampuni ya kurekodi muziki ya Motown ambayo Berry Gordy aliianzisha mwaka 1959 kwa mkopo wa dola 800 kutoka kwa familia yake, alikuwapo James Jamerson, ambaye alipiga besi kwa kidole kimoja tu cha shahada na hakubadilisha nyuzi mpaka zikatike. Niliwahi kujaribu kwa mwezi mzima kupiga kwa kidole kimoja. Nilichokigundua ni kwamba kidole kimoja kinakulazimisha kuchagua: huwezi kupiga kila sauti inayokujia kichwani, na ile unayoipiga unaipa uzito wake kamili. Besi ya Jamerson inasema na mwimbaji, inamjibu, wakati mwingine inambishia. Ukiondoa sauti ya mwimbaji, bado unabaki na wimbo unaoweza kuupiga mluzi.

Msikilizaji wa Usiku:
Kaka wa Nyali ameeleza vizuri, ila naomba kutofautiana naye kidogo. Ustadi peke yake hautoshi kueleza jambo hili, kwa sababu wanamuziki stadi waliosahaulika ni wengi mno. Vijana wa leo hawakutani na nyimbo hizi kwa mara ya kwanza siku wanapozisikia. Walishazisikia vipande vipande ndani ya nyimbo nyingine tangu wakiwa wadogo. James Brown, mwimbaji wa funk, yaani soul inayoegemea zaidi mdundo, hasa kuanzia "Cold Sweat" ya mwaka 1967, aliwataka wanamuziki wake waweke uzito kwenye pigo la kwanza la kila mzunguko, yaani wote wakutane hapo, kisha kila mmoja ashike njia yake mpaka pigo la kwanza linalofuata. Kwa mpangilio huo, ukikata kipande kidogo na kukizungusha, kinazunguka bila kuchosha. Katika "Funky Drummer", uliorekodiwa mwaka 1969, wenzake wananyamaza na Clyde Stubblefield anapiga dramu peke yake kwa muda mfupi, na kipande hicho wasanii wa hip hop wamekichukua na kukitumia katika nyimbo nyingi kupita kiasi. Stubblefield, aliyefariki mwaka 2017, hakuwa na haki ya mtunzi katika wimbo huo, na vipande hivyo vilitumiwa miaka na miaka bila yeye kulipwa mrabaha. Jambo hilo linaniuma kila ninaposikia mdundo wake, na ninadhani tukisifu nyimbo kwa kudumu, hatuna budi kutaja pia waliozidumisha bila kupata chochote.

Mwana Lubumbashi:
Naongeza moja tu. Septemba 1974 James Brown, B.B. King na Bill Withers walipanda jukwaani Kinshasa pamoja na Franco na Tabu Ley, wiki chache kabla ya Muhammad Ali kupigana ngumi na George Foreman mjini humo. Withers aliimba akiwa amekaa na gitaa lake, bila bendi, katikati ya tamasha lenye kelele zote zile.

Bibi wa Ilala:
Wanangu, mimi mwaka 1969 nilikuwa na miaka 18 hapa Dar es Salaam. Mwezi Novemba mwaka huo muziki wa soul ulipigwa marufuku katika kumbi za mji huu, kwa hoja kwamba unawapotosha vijana na si utamaduni wetu, na vijana wakaandika barua magazetini kubishana na uamuzi huo. Hoja ile niliielewa, kwa sababu nchi ilikuwa changa na ilitaka kujijua, lakini sikuikubali, na leo bado siikubali.

Sababu yangu ni kanisani. Nilikuwa kwenye kwaya, na Aretha niliposikia sauti yake mara ya kwanza nilimjua papo hapo kuwa ni mtoto wa kanisa. Baadaye ndipo nilipopata habari kwamba baba yake alikuwa mchungaji Detroit. Wimbo wa "Respect" Otis Redding aliutoa mwaka 1965 kama mume anayedai heshima akirudi nyumbani. Aretha akauchukua mwaka 1967, akauimba kama mwanamke anayedai haki yake, akaitaja heshima herufi kwa herufi, na ndugu zake wa kike wakamwitikia nyuma. Mtoa wimbo na waitikiaji: hicho ndicho nilichokikuta kwaya, na ndicho bibi yangu alichokikuta ngomani. Wimbo wa namna hiyo humwachia msikilizaji nafasi yake, akaitikia hata kama haelewi Kiingereza. Mjukuu wangu anaitikia akiwa anapiga pasi, wala hajui kwamba anaitikia.

Baba Neema:
Shikamoo Bibi, na asanteni nyote. Baada ya kusoma maelezo ya Mpiga Besi nilimwita Neema nikamuuliza kwa nini siku ile alifunga bomba. Alinijibu kwamba alidhani yule baba amesahau maneno, akawa anangoja kuona kama atayakumbuka.