Redio ya marehemu Babu na gitaa la Idi

*Ijumaa, baada ya isha*

Idi: Assalaam alaykum. Mjomba upo hewani? Nimeteremsha redio ya Babu juu ya kabati, nimeifungua mgongo. Nataka niifanye amplifaya ya gitaa. (picha)

Rehema: Bibi anajua?

Idi: Yupo hapahapa anachambua mchele. Kasema ikipotea hata skrubu moja nihame.

Mjomba: Waalaykum salaam mjomba. Usiichomeke kwenye stima. Narudia, usiichomeke.

Idi: …

Mjomba: Nini hizo nukta?

Idi: Nilishaichomeka jana. Ikavuma mmmm kama dakika moja, ikaanza harufu ya mshumaa. Nikachomoa.

Mama Mdogo: Idi wee! Na Mama amelala chumba cha pili!

Mjomba: Haya, lishapita. Harufu ya mshumaa ni nta ya zile kapasita za karatasi, vijidude vya kuhifadhi umeme, zinanizidi umri. Nisomee namba za valvu, vile vichupa vya kioo, moja moja. Usizitikise kama unang'oa muhogo, soma zikiwa palepale.

Idi: ECH81, EF89, EBC81, EL84, EZ80. Na moja imelala kule mbele, EM80.

Mjomba: Alhamdulillahi. Zote E.

Idi: E ndiyo nini?

Mjomba: Herufi ya kwanza ndiyo inayokwambia ule uzi unaowaka mle ndani unakula nini. E ni volti 6.3, kwa hiyo ndani kuna transfoma, hilo dude zito pembeni. Ingekuwa UCH81, UL84, UY85, ningekwambia irudishe kabatini tulale. Redio nyingi za U hazina transfoma ya kuzitenga na umeme. Nyuzi za valvu zimepangwa foleni, zote zinapitisha miliampia 100 zilezile, na chesisi, lile bati linalobeba kila kitu, imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani. Kwa kusikiliza taarifa ya habari si neno, kila kitu kimefunikwa mbao. Lakini nyuzi za gitaa zinaungwa na chesisi. Plagi ikikaa kinyume, umeshika volti 230 kwa vidole vitano.

Rehema: Idi umesoma lakini?

Idi: Nimesoma mpaka jasho limenitoka.

Mjomba: Hata hii yako, waya wa zamani ule wa nyuzi mbili utoe. Weka wa nyuzi tatu, ule wa arthi uukaze kwenye chesisi kwa skrubu na nati, usiuning'inize tu. Plagi ya fyuzi, ampia 3. Na utafute globu ya zamani ya wati 60, si hizi za kisasa.

Mama Mdogo: Globu hizo zishapotea madukani.

Idi: Bibi anayo ya kulelea vifaranga!

Mjomba: Basi vifaranga watusamehe siku moja. Iunge globu kwenye waya mmoja wa umeme kabla haujafika kwenye redio. Kukiwa na shoti ndani, globu itawaka yote na transfoma itapona. Mambo yakiwa sawa, itang'aa kidogo kisha ififie. Transfoma ya redio hiyo ikiungua huipati Tanga wala Mombasa.

*Jumamosi*

Idi: Mjomba globu imefifia vizuri. Valvu zimewaka rangi ya chungwa na lile jicho la kijani limefumbuka! (video)

Bibi *(sauti, imeandikwa na Rehema):* Hilo jicho ndilo marehemu alikuwa akilitazama anapotafuta stesheni. Likijibana, anasema tulia, hapo hapo. Baraza nzima inanyamaza. Wakati huo ni Sauti ya Dar es Salaam, wewe Rehema hata mama yako hajazaliwa.

Mama Mdogo: Nami nilifundishwa kulitazama, na kupigwa kwa kuligusa 😂

Mjomba: Sasa kazi. Mita kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye chesisi, mwekundu pini ya 2 ya EL84. Mkono wa kushoto mfukoni! Mle ndani mna volti 250 mpaka 300.

Idi: Inasoma 11.

Mjomba: Kumi na moja chanya?

Idi: Ndiyo.

Mjomba: Zima. Zima kabisa.

Idi: Nimezima. Kuna nini?

Mjomba: Pini hiyo ni gridi, ndiyo koki ya valvu. Hapo panatakiwa pasome sifuri. Kati ya EBC81 na EL84 pana kapasita ya kupitisha sauti na kuzuia volti. Imechoka, inavujisha, koki imebaki wazi. Ungeiacha robo saa ungeona bati la ndani ya valvu linakuwa jekundu kama kaa la mkaa, ndiyo kwaheri. Weka mpya, mikrofaradi 0.022, volti 630. Kabla hujatia mkono, ile kapasita kubwa ya chuma itoe umeme kwa rezista ya kiloomu 10, ya wati 5. Si kwa bisibisi. Mimi nilitumia bisibisi mwaka mmoja, ncha yake ikaliwa, nikakaa chini bila kupenda.

Idi: Nimeipata kwa fundi wa TV Ngamiani. Kaniuliza unatengeneza nini, nikasema redio ya babu, akanipa na risasi ya kulehemu bure.

*Baada ya saa mbili*

Idi: Pini ya 2 sifuri. Pini ya 3 volti 7.1. Pini ya 7 volti 245.

Mjomba: Pini ya 3 ina rezista gani?

Idi: Kahawia, kijani, kahawia. 150.

Mjomba: 7.1 gawa kwa 150, karibu miliampia 47. Toa kama 5 zinazopita kwenye skrini, ile gridi ya pili ya valvu, 42. Zizidishe kwa volti 238, yaani zile 245 za pini ya 7 toa 7 zilizobaki chini pini ya 3. Ni wati 10. Mwisho wa valvu hiyo ni 12. Imekaa pazuri.

Rehema: Kumbe wati 10! Spika yangu ya chumbani imeandikwa 40.

Mjomba: Wati 10 ni joto, binti yangu. Kwenye spika zitafika 4 au 5. Amplifaya ya Vox AC30 ya Waingereza inabeba EL84 nne, ndiyo hizo 30. Na hizo 5 zako za valvu ziache tu, jirani atakuja kugonga.

Idi: Basi sasa natoa ECH81 na EF89, zile za kukamata stesheni, hazihitajiki, halafu natoboa tundu la jeki hapo mbele kwenye mbao.

Bibi *(sauti):* Utoboe nini?

Bibi *(sauti):* Nani katoboa?

Idi: Bado Bibi, bado.

Mjomba: Usitoboe. Igeuze. Nyuma kuna matundu mawili yamechorwa santuri?

Idi: Yapo! Nilidhani ni ya antena.

Mjomba: Ya antena yako upande wa pili. Hayo ni ya gramafoni. Sauti ikiingia hapo inakwenda kwenye voliamu, EBC81, EL84, transfoma ndogo, spika. Ndiyo njia yote ya gitaa, ilishajengwa kiwandani. Chukua waya wenye wavu, wavu kwenye tundu la chesisi, wa kati kwenye lile jingine. Ncha ya pili weka jeki ya gitaa. Bonyeza kitufe cha santuri.

*Jumapili, alasiri*

Idi: MJOMBAAA (sauti)

Mama Mdogo: Mashallah! Mbona tamu hivi? Inasikika kama ule muziki wa dansi wa zamani.

Mjomba: Spika ya karatasi kwenye sanduku la mbao, ndivyo inavyolia. Ukichapa nyuzi kwa nguvu?

Idi: Inakwaruza kidogo sana. Nilitaka ikwaruze zaidi.

Mjomba: Hapo mbele ya EL84 una hatua moja tu ya kukuza sauti. Amplifaya ya Fender Champ ya Marekani ina mbili, ndiyo inapiga kelele haraka. Fuata waya unaotoka kwenye spika kurudi kwa EBC81. Huo unaurudisha kidogo mlio kinyume ili redio itulie. Ufungue ncha moja, uufunike, ujaribu. Ukiudhika unaurudisha, hakuna tundu hakuna skrubu.

Idi: Sawa. Ila kuna kitu Mjomba. Nikiacha kupiga, kwa mbali nasikia mtu anaimba.

Mjomba: Stesheni inavuja. Kitufe cha santuri kimezeeka, hakikati vizuri. Chomoa EF89 tu, inatosha. Ingekuwa ya U zote zingezimika, lakini hii ya E nyingine zitaendelea.

Idi: Nimechomoa. Kimya kabisa 👌🏾

Bibi *(sauti):* Idi. Yule aliyekuwa anaimba yuko wapi?

Idi: Nimemtoa Bibi, alikuwa anaingilia gitaa.

Bibi *(sauti):* Mrudishe.

Rehema: 😂😂😂

Idi: Bibi nafanya mazoezi, Jumamosi tuna harusi.

Bibi *(sauti):* Miaka sijamsikia mtu ndani ya redio hii. Mrudishe, na hilo gitaa lichomoe, kafanyie mazoezi nje.

Mjomba: Umesikia. Zima kwanza, ngoja ipoe, ndipo urudishe EF89. Tazama pini zikae sawa.

Idi: Imerudi. Jicho limejibana.

Mama Mdogo: Basi tulia, hapo hapo.