Gmail ya 2013, laini haipo, simu imeibwa: nianzie wapi kati ya njia hizi nne?

binti_wa_kalenga

Wakuu, naombeni mnisaidie kupima kabla sijaharibu zaidi.

Nina Gmail niliyofunguliwa mwaka 2013 stationari moja Iringa, wakati tunaomba mkopo wa chuo. Kijana wa pale ndiye aliyejaza kila kitu. Namba ya simu akaandika yangu ya wakati ule, imeili ya kurejeshea akaweka ya ofisini kwake. Ile laini sikuisajili kwa alama za vidole, ikazimwa Januari 2020. Sikuhangaika kubadilisha namba wala imeili hiyo maana kwenye simu akaunti ilikuwa wazi muda wote, haikuwahi kuniuliza nywila. Mwezi wa tano mwaka huu simu ikaibwa kwenye daladala.

Akaunti yangu ya Ajira Portal, ule mfumo wa kuomba kazi serikalini, imefunguliwa kwa imeili hiyohiyo, lakini kinachoninyima usingizi ni picha. Mama alifariki 2021, na picha zake karibu zote zimo humo.

Njia ninazoziona ni hizi. Kwanza fomu ya Google yenyewe ya kurejesha akaunti. Nimeijaza mara sita kwenye simu mpya, kila mara wanasema hawawezi kuthibitisha kuwa ni mimi. Pili, kuifufua ile laini. Tatu, kumtafuta kijana wa stationari. Nne, kuna mtu Telegram anasema nimpe elfu 60 ataifungua ndani ya saa moja. Aliyewahi kupitia haya aniambie ipi ina matumaini.

fundi_ghorofa_ya_pili

Pole sana kwa mama, dada.

Fomu ndiyo njia yako, ila unaijazia mahali pasipofaa. Pale hakuna binadamu anayesoma maombi yako akakuonea huruma. Mfumo unaangalia kifaa unachotumia, kivinjari, na mahali ulipo, unalinganisha na ulivyokuwa ukiingia zamani. Wewe umekuja na simu mpya, laini mpya, bando jipya. Kwa mfumo huna tofauti na aliyekuibia. Acha kujaribu kuanzia leo, kila jaribio la namna hiyo halikuongezei kitu.

Sasa nijibu: kuna kompyuta yoyote, hata mbovu, uliyowahi kuifungulia imeili hiyo? Ya chuo, ya ndugu, ya kazini? Hiyo ndiyo dhahabu yako. Uende ilipo, ukae kwenye intaneti ya hapohapo, ufungue kivinjari kilekile, ndipo ujaze fomu. Wakikuuliza nywila ya mwisho unayoikumbuka, usiruke. Andika hata ya miaka mitano nyuma. Ya zamani iliyo sahihi inahesabika kuliko kuacha wazi.

Na kabla ya fomu, ingia kwenye mipangilio ya kivinjari hicho uangalie nywila zilizohifadhiwa. Nimeshafungua laptopu za wateja wanaolia, nywila imo ndani tangu siku walipobonyeza "hifadhi" bila kusoma.

Kwa wengine mnaopita hapa: hakikisheni kwanza akaunti bado ipo. Tangu Desemba 2023 Google wanafuta akaunti binafsi zilizokaa miaka 2 bila kuguswa. Jitumieni ujumbe kutoka imeili nyingine. Ukirudi na maelezo kwamba anwani haipo, msipoteze nauli. Ya dada ilikuwa inatumika hadi mwezi wa tano, ipo.

wakala_laini_mbagala

Nizungumzie hiyo ya laini, ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Piga *106#, uweke namba yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA), utaona namba zote zilizosajiliwa kwa jina lako. Kama ile ingekuwamo, ungeenda na kitambulisho dukani kwa mtandao husika wakakurudishia laini siku hiyohiyo, mambo yakaisha. Lakini kwa maelezo yako haitakuwamo, maana haikupita kwenye kidole. Namba iliyozimwa haikai kabatini inakusubiri, hupewa mteja mwingine. Ipigie usikie.

fundi_ghorofa_ya_pili

Akipokea mtu si anaweza kumweleza kwa adabu, amsomee zile tarakimu za uthibitisho za Google zikiingia?

wakala_laini_mbagala

Mkuu, hapo nakataa. Hayo ndiyo maneno ya matapeli neno kwa neno: "kuna namba imeingia kwako kwa bahati mbaya, nisomee." Tunawafundisha wazazi wetu wasisome tarakimu kwa mtu yeyote, halafu sisi tuombe tusomewe? Halafu akijua kwamba namba yake inafungua akaunti ya mtu, kitamzuia nini kuingia yeye? Njia ya pili ifutwe.

fundi_ghorofa_ya_pili

Umenishinda. Kweli.

mpemba_wa_muscat

Dada, pole kwa msiba. Nilikuwa na imeili tatu zilizofungwa na namba moja ya Oman. Niliporudi Pemba kwa miaka miwili, namba ikapotea, zote tatu zikaniganda kwa mpigo. Kwa hiyo naweza kulinganisha.

Ya Yahoo haikurudi. Kule ukikosa namba na ukakosa imeili ya kurejeshea, hapana mlango mwengine. Maswali ya siri ya zamani waliyaondoa baada ya ule udukuzi mkubwa. Na hata ungeingia, sanduku lisilofunguliwa kwa miezi 12 husafishwa.

Ya Outlook ilinipa kazi lakini ilirudi. Microsoft wana fomu ndefu: wanataka vichwa vya barua ulizotuma karibuni, anwani za watu uliowaandikia, nywila za zamani. Nilikaa na kaka yangu simuni, akanisomea kutoka kwenye sanduku lake barua nilizomtumia mimi, neno kwa neno, mpaka nukta. Unaruhusiwa kujaza mara mbili kwa siku, jibu huja ndani ya saa 24. Nilipata mara ya tatu. Ila aliyewasha uthibitisho wa hatua mbili fomu hiyo haimsaidii.

Gmail niliipata kwa njia aliyoisema fundi, kwenye kompyuta ya nyumbani kwa shemeji. Mara ya kwanza tu.

mama_vitenge

Mdogo wangu, hiyo ya elfu 60 usiiguse. Mimi nilitoa elfu 80. Aliomba picha ya kitambulisho, nikampa. Akaomba namba yangu ya sasa, akasema zitaingia tarakimu 6 nimtumie haraka kabla hazijaisha muda. Nikamtumia. Zilikuwa za WhatsApp yangu. Jioni wateja wangu wa vitenge wanapokea ujumbe kwamba nimelazwa, wanitumie hela. Wawili walituma. Nimewalipa mimi.

Hakuna mtu wa nje mwenye ufunguo wa Google. Wenyewe wameandika kwamba hawashirikiani na mtu yeyote anayetoza pesa kurejesha akaunti.

binti_wa_kalenga

Ahsanteni, na pole mama. Nimemzuia yule wa Telegram.

Stationari nimepigiwa na rafiki aliyeko Iringa: siku hizi ni saluni, yule kijana hajulikani alikohamia. Kompyuta ipo moja, laptopu niliyomwachia kaka yangu Mbeya 2019. Naenda Ijumaa.

binti_wa_kalenga

Wakuu, nimerudi na habari.

Laptopu haikai na chaji, ukichomoa waya inazima. Kaka alikuwa anaitumia kama redio, ameziba bawaba kwa solatepu. Nikafungua Chrome, picha yangu ya chuo ikatokea pale juu kwenye kona, mikono ikaanza kutetemeka. Nywila iliyohifadhiwa nikaijaribu, ikakataliwa, niliibadilisha baadaye. Lakini nikaiandika kwenye fomu kama nywila ninayoikumbuka. Wakataka kutuma tarakimu kwenye ile namba, nikabonyeza "jaribu njia nyingine". Kwenye imeili ya stationari, nikabonyeza tena. Ndipo wakaniomba imeili ninayoweza kuifungua sasa, wakaniambia nisubiri. Nikalala hapohapo sebuleni, waya umechomekwa. Asubuhi linki ikawa imeingia.

Nimeingia. Picha zote zipo. Kuna moja mama amesimama mlangoni ana unga mpaka kwenye viwiko, ananikemea nisimpige picha. Nilikuwa nimeisahau kabisa.

Nimeweka namba yangu ya sasa na imeili ya kaka, nimetoa zile namba 10 za akiba, za kuingilia nikikosa simu, nimeziandika kwenye daftari la ndani. Picha zinapakuliwa kwenye diski sasa hivi. Swali moja: imeili ya stationari nimeitoa, je, imetoka kabisa?

fundi_ghorofa_ya_pili

Hongera dada! Si papo hapo. Kwa siku 7 Google wanaweza bado kukubali kutuma tarakimu kwenye anwani ya zamani. Wiki hii fungua kila siku sehemu ya usalama, uangalie vifaa vilivyoingia. Na ile simu iliyoibwa, itoe kwenye orodha leo hii kabla hujalala.

binti_wa_kalenga

Ilikuwa bado imo. Nimeshaitoa.