Mfumo wa COBOL wa serikali: uvunjwe uwe klasi za Java, au uachwe?

Mchokoza Mada: Wakuu, Aprili 2020 gavana wa New Jersey, Phil Murphy, aliomba hadharani watu wa kujitolea wanaojua COBOL, lugha kongwe ya kuandikia programu. Maombi ya mafao ya wasio na kazi yalikuwa yamefurika, na mifumo ya jimbo, iliyoandikwa kwa COBOL, ilikuwa na zaidi ya miaka 40. Mimi nasema mifumo ya namna hii ichambuliwe, kanuni zake zitolewe, ziandikwe upya kwa Java, lugha ya kisasa zaidi, katika klasi, yaani vifungu vinavyoweka data pamoja na kazi zake. Anayepinga aje na hoja.

Nusu Baiti: Napinga. Mara nyingi hakuna uchambuzi wowote: msimbo unatiwa kwenye kigeuzi jioni, asubuhi inatoka Java. Ukiifungua, klasi moja ina nyuga (nafasi za data) mamia, zote static, yaani za pamoja kwa programu nzima, na mbinu (kazi za klasi) zimebaki na majina ya aya za zamani, vile vipande vya msimbo wa COBOL vyenye jina: A100_SOMA, B200_HESABU. COBOL iliyovishwa kanzu! Wenyewe wanaiita Jobol, Java na COBOL kwa pamoja. Wa COBOL haielewi, wa Java anaikimbia.

Mama Klasi: Kweli mkuu, ila kosa ni kuanzia kwenye aya. Anza na data. Fungua faili za COPY (zenye maelezo ya data yanayotumiwa na programu nyingi), tafuta neno REDEFINES: baiti zilezile zinasomwa kwa sura mbili kutegemea herufi ya aina, tuseme 'M' ni mwajiriwa, 'B' ni biashara. Hapo klasi mzazi na watoto wake wawili wamejificha. Kisha chora jedwali, aya upande mmoja, nyuga upande wa pili, tia alama pale aya *inapoandika* tu. Zinazoandika nyuga zilezile ni mbinu za klasi moja. Ngazi ya 88, inayozipa thamani majina, inakupa enum (orodha ya thamani zenye majina) bure. PERFORM THRU (amri ya kuendesha mfululizo wa aya) yenye GO TO (amri ya kuruka kwingine) katikati iache mwisho.

Nusu Baiti: Na senti je? PIC S9(7)V99 COMP-3, namna COBOL inavyohifadhi kiasi chenye senti, inakaa baiti 5: tarakimu 9, kila moja nusu baiti, na nusu baiti ya alama ya chanya au hasi. Mtu anaigeuza double, namba ya Java isiyoshika senti kwa usahihi! Hata akitumia BigDecimal, namba ya Java yenye desimali kamili, COMPUTE (amri ya hesabu ya COBOL) isiyo na neno ROUNDED hukata, haikadirii. 333.33 mara 0.18 ni 59.9994. COBOL inaandika 59.99, Java yenye HALF_UP (kukadiria nusu kwenda juu) inaandika 60.00.

Mama Klasi: RoundingMode.DOWN, iambie Java ikate tu, yamekwisha. Na kabla ya kugusa mstari wowote, hifadhi faili zinazoingia na zinazotoka za programu zinazoendeshwa usiku. Hizo ndizo kipimo chako, kwa sababu nyaraka zimeshapitwa na wakati.

Kaa Chonjo: Msisahau upangaji. EBCDIC, mfumo wa herufi wa mashine kubwa za IBM, hutanguliza herufi; ASCII, wa kompyuta nyingine nyingi, hutanguliza tarakimu, kwa hiyo A10 na 10A zinabadilishana nafasi. Programu inayooanisha faili mbili zilizopangwa itaruka rekodi kimyakimya. Na kuendesha mifumo miwili sambamba mwezi mmoja ni mzaha: aya ya kufunga mwaka huitwa mara moja kwa mwaka, mtaifuta mkidhani imekufa.

Mchokoza Mada: Basi miezi 13? Nani atalipia mashine mbili?

Nusu Baiti: Nionyeshe zabuni yenye hiyo miezi 13, nahama upande leo hii. Mpaka hapo, wekeni API (mlango wa programu mpya kuzungumza na ya zamani) mbele ya COBOL, muiache ifanye kazi.