Mawakala wa safari, acheni kuuza Ladakh ya siku nne!

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitauremba.

Vifurushi vya "Delhi + Ladakh siku 4" (Ladakh ni eneo la milima mirefu kaskazini mwa India) ni hatari: mwili usipopewa muda wa kuzoea hewa nyembamba, unapata ugonjwa wa kimo, nao unaua. Asubuhi unatua Leh, mji mkuu wa huko, jioni unapandishwa ngazi za kasri, kesho yake unapelekwa kulala Ziwa Pangong. Nani aliyepanga hivi?

Delhi iko mita 200 na ushei juu ya usawa wa bahari. Leh iko 3,500. Kwa wanaoijua Kilimanjaro: njia ya Marangu unalala kwanza Mandara, 2,720, ndipo kesho unaifikia Horombo, 3,720, tena pole pole. Ndege inakutupa karibu na kimo cha Horombo kwa saa moja na nusu.

Ukishavuka mita 3,000, kimo cha kulala kisipande zaidi ya 500 kwa usiku. Kando ya Pangong ni kama 4,250, yaani umeruka 750. Na hapa ndipo pa kuudhi hasa: mtu akizidiwa usiku, kumrudisha Leh kwa barabara ya kawaida lazima kwanza umpandishe Chang La, kipito cha mlimani, kama mita 5,360! Mgonjwa anayetakiwa kuteremshwa, unampandisha. Kopo la oksijeni mnaloliuza ni la dakika chache tu, si tiba. Akianza kuyumba kama mlevi, au kuhema ilhali amekaa, ateremshwe saa hiyo hiyo, hakuna kusubiri kupambazuke.

Mpango wa maana: usiku mbili au tatu Leh, bila pombe wala ngazi. Kisha bonde la Nubra. Khardung La, kipito cha kwenda huko, ni mita 5,359 (lile bango maarufu la 5,602 ni porojo), mnapiga picha mnaondoka, mnalala Diskit, chini kuliko Leh. Pangong iwe mwisho, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Diamox, dawa ya kukinga ugonjwa wa kimo, ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwenye mzio wa salfa amwone daktari kwanza.

Halafu mnanyamaza kuhusu vibali! Raia wa kigeni haingii Nubra wala Pangong bila kibali, kinachotolewa kwa watu kuanzia wawili, na vizuizini wanataka nakala, kwa hiyo toeni kadhaa. Laini ya simu ya malipo ya kabla iliyonunuliwa Delhi haishiki Ladakh. Abiria anagundua akiwa Leh, hata kuwapigia ninyi hawezi.

Mliokwisha lipa: muulizeni wakala usiku wa pili mnalala mita ngapi. Akibabaika, daini hela yenu.