Mtu anakwambia "nilikupigia hupatikani" wakati simu ulikuwa nayo mkononi, hivi kwa nini?

mwana_kyela: Wakuu habari za mchana, naomba niulize maana hili jambo linaniuma. Wiki iliyopita mama katoka Kyela anakuja Dar, mimi nilikuwa zamu ya usiku, nikamwomba binamu yangu anayekaa Kimara akampokee stendi ya Magufuli pale Mbezi, akasema poa bro usijali. Basi limeingia saa tano usiku, mama kakaa kwenye benchi kiroba cha mchele kakibana katikati ya miguu anaogopa wezi, anampigia binamu hapokei, ananipigia mimi, mimi nampigia binamu inaita mpaka inakata. Mpaka saa saba kasoro ndo nikampata jirani mwenye bajaji akamfuata. Asubuhi jamaa ananiambia "nilikupigia sana bro hupatikani, mtandao ulikuwa unasumbua". Misdi koli yake hakuna hata moja!! Hivi akisema nilipitiwa na usingizi anapungukiwa nini?

fundi simu kkoo: Pole sana mkuu. Ila simu yako ni ya laini mbili? Simu nyingi za laini mbili ukiwa unaongea na laini moja ile nyingine haipatikani, anayekupigia anaambiwa hupatikani na wewe huoni kitu. Nimeona watu wamegombana kwa hilo.

mwana_kyela: Laini mbili ndiyo, lakini mimi ndo nilikuwa nampigia yeye na inaita. Mtandao wake unasumbua halafu simu inaitaje?

Dada wa Tabata: Hapo hakuna cha laini mbili, huyo hakupiga. Mimi nimeshawajua, aliyepiga kweli anakwambia nilikupigia saa fulani nikiwa sehemu fulani, asiyepiga anakuja na sababu tatu kwa mpigo, chaji iliisha, vocha sikuwa nayo, halafu mtandao. Vocha gani wakati meseji ya tafadhali nipigie ni bure na salio unakopa?

babu J: Vijana, mimi niseme ukweli nilishawahi kuwa hivyo. Shemeji yangu alifiwa, napigiwa simu ya mchango na mimi mfukoni sina hata mia, nikawa naitazama inaita tu mpaka inazima mwanga. Baadaye nikasema simu ilikuwa mbovu. Ilikuwa aibu, sio dharau. Muulize binamu yako taratibu mkiwa wawili, pengine hakuwa na nauli ya kufika Mbezi akashindwa kukwambia.

mwana_kyela: Asante mzee, hilo la nauli sikuliwaza, angesema ningemtumia. Nitamfuata Jumapili tuongee. Ila mama kamwamini kabisa, jana ananiambia "mwanangu hiyo simu yako ipeleke kwa fundi, mwenzio kahangaika usiku kucha kukutafuta".