Mrejesho: ile rivolva ya .22 ya bei nafuu

Niliuliza kama rivolva ya bei nafuu ya .22 LR (aina ya risasi ndogo), ile ya risasi sita inayokokiwa nyundo kwa kidole kila pigo, inafaa kwa mazoezi ya shabaha hapa Marekani. Asanteni mliojibu. Inafaa, lakini ikaguliwe kabla ya kulipa.

Hakikisha vyumba vyote sita vya risasi kwenye silinda (sehemu inayozunguka) ni vitupu, kisha koki polepole. Silinda lazima ijifunge kabla nyundo haijafika mwisho. Ikichelewa, chumba hakilingani na mtutu, risasi hukwanguliwa na vipande hutemwa pembeni. Mwanya wa silinda na mtutu upimwe kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mianya), milimita 0.15 ni nzuri.

Kufyatua ikiwa tupu kuna hatari: pini ya kufyatulia ikigonga ukingo wa chumba huubonyeza, na maganda huanza kunasa. Silinda ya .22 Magnum (risasi nene kidogo) nayo isitiwe .22 LR, maana ganda lake jembamba hupasuka humo.

Kilichohitaji kazi ni shabaha: ilipiga sentimita 5 chini kwa mita 10. Lengeo la mbele (kijiti cha kulengea kwenye ncha ya mtutu) halirekebishiki, kwa hiyo dawa ni kulipunguza urefu kwa tupa, kifaa cha kukwangulia chuma. Umbali kati ya malengeo mawili ni milimita 200, basi 50 × 200 ÷ 10,000 = milimita 1 ya kupunguza. Anza na nusu, jaribu, ndipo uendelee, kilichokatwa hakirudi.

Haina kizuizi cha kutenga nyundo na pini, kwa hiyo hubebwa na risasi tano tu, nyundo ikikaa juu ya chumba kitupu.